Chakula Nisichokionja

Wakubwa wangu, shikamooni. Rika zangu, hamjambo. Wa asalaamu aleikum, itikieni. Wa Bwana asifiwe, itikieni. Na sisi wachache wa kuunganisha viganja, namaste. Haya, nimewapitia nyote, asije mtu akasema nimemruka.

Mimi ndiye yule mama wa Kihindi wa Changamwe. Nimezaliwa Mombasa, na babu yangu kazaliwa Mombasa, kwa hivyo wale wanaoninong'ona kwa Kiswahili wakidhani sielewi, waendelee tu, nafaidika. Chama chetu cha wapishi kimenitaka nieleze nilivyoanguka na nilivyoinuka. Wengi mlisikia habari ya ile harusi ya Kisauni. Mlisikia vijipande, na kila kijipande kilitiwa viungo njiani. Leo nawapa sufuria nzima. Majina ya watu sitayataja. Aliyekosa ni mimi, na jina langu mnalo.

Niliolewa nikiwa msichana wa kuunguza chapati. Aliyenifundisha kupika ni mama mkwe wangu, mwanamke mfupi asiyecheka, na mume wangu alipofariki, upishi ndio ulionishika mkono. Nikapikia Wahindi, nikapikia Waislamu, nikapikia Wakristo. Chakula changu hakina nyama, na wallahi, kama mnavyosema nyinyi, hakuna aliyewahi kuniuliza nyama iko wapi.

Na nilikuwa na ulimi, ndugu zangu. Nilikuwa nikionja mchuzi mara moja nikakwambia bizari yako uliikaanga ama uliitupia mbichi, na chumvi uliitia mwanzo ama mwisho. Mungu alinipa kipaji hicho nishukuru, mimi nikakifanya rungu. Nikialikwa shughuli ya mwenzangu, naonja, kisha naweka kijiko chini polepole. Sisemi neno. Mwenye shughuli akiona kile kijiko kimelala, roho humruka. Kuna mmoja amekaa hapa mbele nilimfanyia hivyo miaka ile. Naona unacheka sasa, shoga, lakini siku ile hukucheka.

Sasa nieleze jambo la kwetu, maana bila hilo hamtanielewa. Kule hekaluni kwetu kuna jiko la kumpikia Mungu. Kila asubuhi anapikiwa, chakula kinapangwa kwenye sinia, kinawekwa mbele yake, pazia linafungwa, watu wanaimba. Pazia likifunguliwa, kile chakula kimekuwa baraka, kinagawiwa kila aliyekuja, tajiri na mwombaji mkono mmoja. Na katika jiko lile kuna sheria moja ambayo mpishi yeyote ataona ni wazimu: hakuna kuonja. Unaoga, unafunga nywele, unapika, unapeleka. Hata kuinamia sufuria ukavuta harufu kwa makusudi, huruhusiwi. Wa kwanza kula ni yeye. Ukishaonja wewe, unampelekea makombo.

Mama mkwe alinieleza hivyo siku ya kwanza. Nikamwuliza, "Na nikizidisha chumvi, mama?" Akaniambia, "Basi umezidisha. Wewe ni nani hata usikosee?"

Nilimwitikia kwa mdomo. Moyoni nilisema huyu hajui kupika.

Basi, ikaja siku yetu ya mwaka mpya, tunapompangia Mungu vyakula vingi mpaka vinakuwa kama mlima. Kila mwanamke analeta chake. Mimi nilipewa kadhi, yaani mchuzi wa mtindi na unga wa dengu, na kadhi ina hila: ikizidi uchachu imeharibika, ikizidi utamu imeharibika. Nikasikia kuna mke mgeni kahamia Nyali, kadhi yake yasifiwa. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia, nikachovya ncha ya kidole. Nikaonja. Nikatia sukari kidogo. Hakuna aliyeniona.

Mwaka wa pili nikachovya tena. Mwaka wa tatu sikutazama hata kushoto. Na si kuonja tu. Wakati wa kugawa nilikuwa nasimama karibu na foleni, nimejifanya natengeneza sari, nasikiliza nani atasema kadhi ya leo imetoka. Na huku jioni naimba! Nyimbo zetu za ibada, mwimbaji hujiita vumbi la miguu, hujiita mtumwa wa watumwa wa Mungu. Nimeziimba miaka, na sauti ninayo. Naimba mimi ni vumbi, huku jicho moja latazama kama jirani ameiona sari yangu mpya. Mungu alikuwa na kazi nami.

Kisha ikaja homa ile iliyotufunga barakoa sote. Nililala siku kumi na moja, nikaamka. Asubuhi ya kwanza nikapika chai yangu ya maziwa na tangawizi. Nikanywa maji ya moto. Nikamlaani muuza maziwa. Mchana nikamfokea msaidizi wangu.

Huyu msaidizi niwaambie. Ni Mdigo wa Bofu, kule Likoni, amenifanyia kazi miaka tisa, kila alfajiri yuwavuka feri aje Changamwe. Mwanamke mpole, mkono wake mwepesi kuliko wangu kwa kusukuma chapati, na sikuwahi kumwambia hivyo. Siku ile nikamwambia, "Umeniletea viungo vya mwaka juzi hivi. Havina hata harufu." Akavinusa, akanitazama, akasema, "Mama, mbona mimi navisikia?"

Hapo nikajua. Na badala ya kusema, nikaficha. Siku moja vitunguu viliungua jikoni, moshi umejaa, na mimi nimesimama pale pale nikikata dania, mpaka jirani akapiga kelele ukutani. Nikasema nilikuwa nimesinzia. Wapishi wenzangu, nawaambia, nilikuwa tayari kuitwa mzee, kuitwa mvivu, kuitwa mlevi hata, kuliko kuitwa mpishi asiyesikia ladha.

Nikaichukua harusi ya Kisauni. Harusi kubwa. Nikajiambia mikono yangu yakumbuka. Na kweli mikono ilikumbuka karibu vyote. Ila kulikuwa na shiro, ule mchanganyiko mtamu wa semolina iliyokaangwa kwa samli na iliki, na ndiyo huanza kuliwa. Msaidizi akanisogezea kopo la samli.

"Mama, samli hii mbona yanuka?"

"Yanuka nini?"

"Si nzuri, mama. Wallahi imeharibika. Niruhusu nionje shiro kabla haijatoka."

Nikaiweka puani. Kimya. Ningeweza kunusa kopo la petroli na la waridi nisitofautishe. Nikamwambia, "Samli ya ng'ombe ndivyo ilivyo. Wewe umezoea nazi. Na tangu lini wewe ukanionjea mimi?"

Nikaitia ile samli mwenyewe. Shiro ikatoka.

Nilisimama mlangoni kama kawaida yangu, kusikiliza sifa. Nikaona mtu anatia kijiko mdomoni, anaweka kijiko chini. Na wa pili. Meza nzima, vijiko vinalala. Bibi mmoja akatema kwenye kitambaa. Baba wa bibi harusi akaja jikoni, mtu wa heshima, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, leo imekuwaje?"

Na hapa ndipo nilipoanguka, ndugu zangu. Msidhani nilianguka kwa ile homa. Homa ni homa, humpata kila mtu. Nilinyoosha kidole changu hiki, mbele ya wapishi, mbele ya wageni waliokwisha kuja kuchungulia, nikasema, "Huyu ndiye aliyeniletea samli mbovu. Wasaidizi wa siku hizi si wa kuwaamini."

Yule mwanamke hakujitetea. Alinitazama kidogo tu. Akasema, "Haya, mama." Akavua aproni, akajifunga leso yake, akatoka. Miaka tisa, na akaondoka kwa maneno mawili.

Nilifunga jiko. Shughuli zikakatika moja moja, na sikushangaa. Hekaluni sikwenda tena, nikasema miguu yauma. Nilikuwa nakula kwa saa, kama mtu anayemeza dawa. Nikakonda, blauzi zikaning'inia. Kitu kimoja tu nilikijua katika dunia hii, na kile kitu kimetoka mwilini mwangu kimekwenda, na mimi nilibaki nimekaa kwenye kiti cha plastiki barazani natazama malori ya bandarini yakipita. Nilimlaumu Mungu. Nilimwambia hivi hivi: miaka yote nakupikia, na hii ndiyo shukrani yako? Nilikuwa na hasira naye kama mtu aliyefutwa kazi bila barua.

Mchana mmoja akaja maharaji, ndivyo tunavyomwita mhudumu wa ibada wa hekalu letu. Kijana kwangu, amekuja kwa miguu, jasho limemlowesha. Akakataa hata maji.

"Mama, yule mpishi wa kila siku ameteguka mguu. Kesho asubuhi sina wa kumpikia Mungu. Tusaidie."

Basi nikachoka kuficha. Nikasema, na ndiyo mara ya kwanza kulitamka kwa mtu, "Maharaji, siwezi. Sisikii chumvi, sisikii sukari, harufu ndiyo kabisa. Nitapikaje na siwezi kuonja?"

Akanitazama, uso wake hauna hila hata chembe. Akaniuliza, "Kwani zamani ulikuwa ukionja?"

Lo! Mnacheka. Chekeni, ni haki yenu. Mimi nilihisi kama mtu amenivua nguo sokoni Kongowea mchana wa Jumamosi. Nilifungua mdomo nimdanganye, na uwongo wote niliokuwa nao ulikuwa umekwisha. Nikalia. Nikamwambia yote, kidole, mwaka wa kwanza, mwaka wa pili, foleni, sari, samli, na yule mwanamke wa Bofu. Nilidhani ataniambia nisikanyage tena jikoni mle. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Basi miaka yote hiyo amekula makombo yako, na hajakulaza njaa hata siku moja. Njoo kesho, mama. Na uoge."

Nilikwenda. Alfajiri nimeshaoga, nywele mbichi nimezifunga. Nikapika khichdi, mchele na dengu tu, chakula ambacho hata mtoto hawezi kukikosea. Nimefika katikati, nimesimama na chumvi kiganjani, nikajiuliza: nimetia ama sijatia? Hebu fikirini. Zamani ningechovya kidole nikajua. Sasa hata nikivunja sheria, ulimi hauna la kuniambia. Mwanamke mzima, mpishi wa harusi, nimeshindwa na kiganja cha chumvi. Nilisimama pale mpaka nikahisi jinsi nilivyo mdogo. Sikuwahi kujihisi mdogo hivyo, na mtaniamini nikiwaambia sikuogopa? Miaka yote nilidhani Mungu anangoja kadhi yangu. Kumbe chumvi ni yake, moto ni wake, mtindi ni wake, na huu ulimi niliokuwa nikitishia nao watu ulikuwa wa kuazimwa.

Nikairudisha chumvi kwenye mkebe. Nikapeleka sinia. Pazia lilipofungwa nikaweka paji la uso sakafuni, nikasema, "Sijui nimekupikia nini. Wewe ndiye ujuaye." Sikuwa na ombi lingine. Ndiyo sala ya kweli ya kwanza niliyoomba katika maisha yangu, na nilikuwa na wajukuu tayari.

Watu wakagawiwa, wakala, wakanawa, wakaenda makazini. Hakuna aliyesifu, hakuna aliyelalamika, maana chakula kile hakisemwi. Mpaka leo sijui kama ile khichdi ilikuwa na chumvi.

Nikapika wiki mbili. Na kila nikiinamisha kichwa pale sakafuni, nikawa namwona yule mwanamke akijifunga leso. Utajiitaje vumbi mbele ya Mungu asiyekujibu, na mbele ya mtu wa Bofu wewe ni bibi mkubwa? Siku ya kumi na tano nikavaa viatu nikavuka feri.

Nilimkuta uani kwake, karai la mahamri motoni. Nikapiga hodi.

"Karibu, mama," akasema. Hakusimama.

Nikakaa kwenye kibao, chini kuliko yeye. Akanitilia mahamri na mbaazi, kwa sababu watu wa Pwani hata wakikuchukia watakulisha kwanza. Nikala. Akaniuliza, kwa makusudi najua, "Yawaje?"

Nikamjibu, "Ni moto, na ni laini. Zaidi ya hapo sisikii kitu. Tangu ile homa sisikii kitu. Samli ilikuwa yangu, wewe ulinionya, nami nikakusingizia mbele za watu. Nimekuja kukuomba radhi."

Akageuza mahamri yake yote, moja moja, mpaka la mwisho.

"Umeniomba radhi uani kwangu," akasema. "Ulinivunjia heshima Kisauni."

"Nitakwenda Kisauni."

"Basi nenda. Kisha uje."

Nilikwenda kwa yule baba wa bibi harusi. Nikamwomba amwite na mkewe, na ndugu waliokuwapo siku ile. Walikusanyika sebuleni kama kumi na mbili. Nikasimama, nikasema: samli niliitia mimi, pua yangu haifanyi kazi, niliambiwa na nikakataa, na yule mwanamke hana kosa lolote. Mke wa mwenye nyumba hakunijibu, na hata leo hanisalimu, na hiyo ni haki yake. Mzee mwenyewe alinisindikiza mpaka langoni. Nilitoka pale nikitembea wima. Siku hiyo hiyo nikampigia simu yule wa Bofu, nikamwambia nimekwenda. Akasema, "Nimeshapata habari, mama." Mnajua Mombasa, habari hupanda feri kabla yako.

Akarudi kwa sharti moja: akisema imezidi, imezidi, hakuna mjadala. Nikakubali. Tukachukua shughuli ndogo ya kwanza, harusi ya watu wachache tu pale Likoni. Nikapika kadhi. Akachovya upawa, akaonja, akauweka chini polepole. Nikamwambia sema. Akasema, "Mama, nisamehe. Punguza sukari. Miaka yote ulikuwa ukizidisha sukari."

Miaka yote, ndugu zangu! Mimi mwenye ulimi! Na watu wote walikuwa wakiniogopa kuniambia. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikapunguza sukari, na siku ile masufuria yalirudi matupu. Sasa jina la kazi ni letu wawili. Yeye yuaonja, mimi nakoroga, tunagombana kuhusu pilipili, na shughuli zimerudi kuliko mwanzo.

Shukrani zangu. Kwanza kwake yeye, amekaa pale nyuma na hapendi kutazamwa, kwa hivyo msigeuke. Haya, mmegeuka. Kwa maharaji wetu, kwa swali lake. Kwa yule baba wa Kisauni aliyenisindikiza mpaka langoni. Kwa nyinyi chama, mlionipokea bila kuniuliza nimetoka wapi. Na kwa mama mkwe wangu, aliyenijibu vizuri nami nikamwona mjinga.

Funzo langu si refu. Kila mmoja wetu ana kitu anachodhani ni chake, sauti, nguvu, cheo, mkono wa kupika. Kitumie, kifurahie. Lakini jizoeze kumpelekea Mungu kitu ambacho hujakihakikisha mwenyewe. Na ukishaweza mbele yake, umwite na binadamu mwenzako akuonjee, umsikilize.

La mwisho, kisha nakaa. Mwezi uliopita nilikuwa na zamu yangu ya hekaluni. Samli imepata moto, nikatupia bizari nyembamba, ikapasuka. Na nikaisikia. Nikaisikia harufu! Baada ya muda wote huu, bizari yenyewe, kali, ya moto, kama mtu ameniita jina langu. Mwili wote ulisisimka. Nilitaka kutia uso ndani ya ile sufuria.

Nikashika ncha ya sari, nikafunika pua, nikageuza uso dirishani. Mkono ukaendelea kukoroga. Nilijua huenda ikaondoka, na nilipotoka nje kweli ilikuwa imeondoka, na haijarudi tena. Lakini pale harufu ile ilikuwa ya Mungu kwanza, na nilimpelekea nzima.